Rimu 16, 17, 18 au 20? Saizi za tairi za Prado, Hilux na Mkonga (Land Cruiser 70) kwa anayeenda porini kweli

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama gari lako linaenda porini kweli, yani Serengeti kwa njia ya Naabi, Natron, Katavi, Ruaha kipindi cha mvua, au kwa wenzetu Kenya kule Chalbi na Loiyangalani, chukua rimu ndogo kabisa ambayo breki zako zinaruhusu, weka tairi yenye ubavu mrefu, panda saizi moja tu juu ya ile ya kiwandani, na upana usiukimbilie. Kama gari ni la mjini na siku mojamoja Moshi kwa lami, weka unachopenda, rimu 20 inapendeza na mi sina ugomvi nayo, ila usiipeleke Engaresero.

Tuanze na namba maana hapo ndo watu wanauziwa vitu visivyo vyao. Tairi imeandikwa 265/65R17. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya huo upana ambayo ndo urefu wa ubavu, 17 ni rimu kwa inchi. Sa kujua kimo cha tairi kutoka chini mpaka juu, chukua 265 zidisha 0.65 unapata milimita 172, huo ni ubavu mmoja, zidisha mara mbili maana kuna ubavu wa juu na wa chini, alafu jumlisha rimu, inchi 17 mara 25.4 ni 432, jumla inakuja 776. Basi, ni hesabu ya simu tu, ifanye ukiwa dukani kabla hujatoa hela.

Hizi ndo saizi zinazozunguka sana huku kwetu, kimo alafu urefu wa ubavu, kwa sentimita:

7.50R16 (hapa 7.50 ni upana kwa inchi) – kimo 80 hadi 81, ubavu kama 20
235/85R16 – kimo 80.6, ubavu 20
265/70R16 – kimo 77.7, ubavu 18.6
265/75R16 – kimo 80.4, ubavu 19.9
265/65R17 – kimo 77.6, ubavu 17.2
265/70R17 – kimo 80.3, ubavu 18.6
285/70R17 – kimo 83.1, ubavu 20
265/60R18 – kimo 77.5, ubavu 15.9
285/60R18 – kimo 79.9, ubavu 17.1
265/55R20 – kimo 80, ubavu 14.6

Angalia 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18. Kimo ni kilekile, upana ni uleule, ndo maana Toyota anaweza kuzipanga kwenye matoleo tofauti ya magari yake na spidomita isisumbuke. Kinachobadilika ni mpira umepungua na chuma kimeongezeka, kila inchi moja ya rimu inakula kama sentimita 1.3 ya ubavu. Kwa hiyo anayekwambia "rimu 18 inanyanyua gari" muulize inanyanyua wapi, gari liko palepale ila mto wako umepungua.

Na ubavu ndo unaofanya kazi porini. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Natron, ukishaipita Engaruka unakutana na mawe meusi ya volkano yenye kona kali. Mawe yale shida yake kubwa sio kwenye meno ya tairi, meno ni manene, shida ni pale tairi inapoteleza pembeni ya jiwe, au ukiingia kwa spidi ubavu ukabanwa katikati ya jiwe na ukingo wa rimu. Tairi ya ubavu mfupi haina pa kukimbilia, inakatika sehemu mbili sambamba, moja usawa wa jiwe na nyingine usawa wa rimu, na tairi iliyokatika ubavuni haizibiki na fundi yeyote barabarani, hiyo ni ya kutupa. Mara nyingi rimu nayo inaondoka hapohapo, na kama ni ya aluminiamu inapasuka, wakati ya chuma inapinda tu na fundi anaigonga kwa nyundo unaendelea na safari. Ile barabara ya mawimbi ya Naabi mpaka Seronera nayo ni hivohivo, ubavu mrefu wenye upepo uliopunguzwa unameza mitetemo kabla haijafika kwenye shokapu, ubavu mfupi unaipitisha yote kwenye gari na kwenye mgongo wako.

Rimu ipi sasa

16 ndo mfalme wa pori na sababu kubwa ni kupatikana. Ukipata ajali ya tairi Mpanda au Loliondo hutauliza tairi nzuri, utauliza iliyopo. 7.50R16 ipo karibu kila mji kwa sababu Canter nazo zinavaa hiyo saizi, na 265/70R16 unaipata Arusha, Mwanza, Dodoma bila kuhangaika. 17 inafuata kwa karibu sana, 265/65R17 imejaa maana Prado na Hilux nyingi zimetoka nazo. 18 unaanza kupiga simu Dar au Nairobi, na 20 ukiharibikiwa nje ya mji mkubwa unasubiri basi likuletee.

Tatizo ni kwamba huwezi kushuka rimu unavyotaka, breki zinakuzuia. Prado 150 breki zake za mbele ni kubwa, rimu 16 ya kawaida inagusa kaliper (kile chuma kinachobana diski ya breki), kwa hiyo kwake 17 ndo mwisho wa kushuka, na kwa kweli 17 kwa Prado inatosha kabisa. Land Cruiser V8, yani ile ya 200, za mwanzo zinakubali 17, za kuanzia 2016 breki zimekuzwa kwa hiyo nyingi zinakomea 18. Hilux inategemea toleo. Dawa ni moja, kabla hujalipa piga jeki, vua tairi ya mbele, weka rimu tupu, kaza nati mbili tatu, izungushe kwa mkono taratibu huku unachungulia kwenye kaliper. Muuzaji anayekataa ufanye hivo achana naye.

Boliti nazo zinachanganya watu wanaoagiza rimu za mtumba Dubai au Japani. Prado, Hilux, Fortuner na Land Cruiser 300 ni boliti 6 za 139.7, yani duara la boliti lina kipenyo cha milimita 139.7. Land Cruiser 100, V8 ya 200 na Mkonga za kuanzia 1999 ni boliti 5 za 150. Na hata boliti zikifanana angalia tundu la katikati, rimu ya Pajero ni 6 za 139.7 vilevile ila tundu lake ni milimita 67 na habu ya Prado (kile kitovu ambacho rimu inakaa) inataka 106, haiingii hata upige nyundo. Ya Patrol ni 110, yenyewe inaingia ila inacheza, inataka ringi ya kuziba hiyo nafasi la sivyo stelingi itatetema ukifika 90.

Kimo: ya kiwandani, saizi moja juu, au "33"

Hapa ndo pana hamu kubwa na hapa ndo pesa inapotea. Chukua Prado au Hilux ya 265/65R17. Chaguo la kwanza ubaki nayo. La pili 265/70R17. La tatu 285/70R17 ambayo watu wanaiita 33, yani kimo cha kama inchi 33.

Ukitoka 77.6 kwenda 80.3 umeongeza kimo sentimita 2.7, ila gari linanyanyuka nusu yake tu, sentimita 1.35, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Ukienda 33 unapata sentimita 2.75 chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli). Yani hiyo tofauti ya 33 na saizi moja juu, pamoja na gharama zote, ni kama unene wa kidole. Ni kweli difu ya nyuma inanyanyuliwa na tairi, springi ndefu zinanyanyua bodi tu na difu hiyo inabaki palepale, kwa hiyo hizo sentimita ni za thamani, lakini ziangalie kwa bei yake.

Bei ya 265/70R17 ni ndogo: kwenye Prado 120, 150 na Hilux inaingia mara nyingi bila kugusa chochote, ubavu unaongezeka sentimita 1.4 na gari halizidiwi. Spidomita ikisoma 100 unatembea kama 103, na kwa vile spidomita nyingi za kiwandani husoma kidogo zaidi ya spidi halisi unaweza kukuta sasa ndo inasema ukweli. Kitu kingine watu hawakijui, ukipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita za dashibodi utaona gari limeanza kunywa, kumbe 1,000 inayosomeka ni 1,034 ya kweli. Rekebisha hesabu kwanza kabla hujamlaumu fundi wa nozeli.

Bei ya 33 ni nyingine. Unahitaji springi za kunyanyua inchi 2 hivi, unakata kidogo plastiki za madigadi, na hata hapo ukikata stelingi yote huku gurudumu limezama utasikia linakwaruza. Spidomita inakosea asilimia 7, ukisoma 50 unatembea 53.5, na kwa hizi barabara zetu zenye kibao cha 50 kila kijijini na trafiki wa tochi chini ya mwembe, hiyo tatu na nusu inatosha kukusimamisha. Kubwa zaidi ni injini. Tairi ndefu ni sawa na kurefusha gia zote kwa pamoja, alafu tairi yenyewe ni nzito kwa kilo kadhaa kila moja na uzito huo uko mbali na ekseli, breki nazo zinafanya kazi zaidi. Prado ya 2.7 ya petroli, ambayo ndo wengi tunayo, ukiiwekea 33 kupanda kutoka geti la Loduare kwenda ukingo wa Ngorongoro itakuwa inatafuta gia njia nzima. Mkonga ya 1HZ, 4.2 isiyo na turbo, ina nguvu ya chini nzuri ila spidi ya mlima inaondoka. Dizeli ya turbo, 2.8 au V8, inavumilia, kwa hao sibishi sana.

Kwa mtu wa kawaida anayekwenda porini na familia na mizigo, mi nachagua saizi moja juu na sioni sababu ya kuendelea.

Nyembamba au pana

Hili watu wanagombana sana, na wote wako sahihi kutegemea wanakwamia wapi.

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Katavi au tambarare za Ndutu mvua zikianza, ukilowa juu ni sabuni lakini mara nyingi chini yake kuna pagumu. Tairi nyembamba kama 7.50 au 235/85 inakata ile tope inakwenda kushika chini, pana inaelea juu ya sabuni na gari linaanza kwenda ubavu. Tope ambalo halina mwisho, upana unasaidia kidogo, ila huko bora usiingie. Mvua kwenye lami nyembamba inakata maji vizuri zaidi. Kwenye mawe nyembamba inakutana na mawe machache, na stelingi ni nyepesi.

Mchanga ndo kwao wenye tairi pana. Ndugu zetu wa Muscat wanaoingia kwenye matuta ya Wahiba na 285, kwao ina maana kabisa, mchanga ule ni wa kina na hauna mwisho. Lakini hata huko upana sio kazi kubwa. Shusha upepo kutoka psi 33 mpaka 16 uchuchumae pembeni ya tairi uangalie: haipanuki sana kwenda pembeni, inarefuka kwenda mbele na nyuma, alama yake kwenye mchanga inakuwa ndefu. Urefu huo ndo unaolibeba gari, na unaupata kwenye tairi yenye ubavu mrefu hata kama ni nyembamba. Kwa mchanga wetu wa mito ya Ruaha, 235/85 iliyoshushwa upepo inapita pale ambapo 285 yenye upepo wa lami imezama mpaka kwenye ekseli.

Upana nao lazima uendane na rimu. 7.50 inataka rimu ya upana wa inchi 5.5 au 6, 235/85 inataka 6 mpaka 7.5, 265 inataka 7 na kuendelea. Kuna watu wanavalisha 265/75 kwenye rimu za Mkonga za 5.5 kwa vile imekubali kuingia. Usifanye hivo, tairi inavimba katikati, meno ya kati yanaisha peke yake, na kwenye kona gari linayumba. Na rimu zinazotokeza nje, au spesa za kulifanya gari lionekane pana, zinahamisha mzigo kwenda nje ya beringi za habu, porini beringi ndo za kwanza kulia.

Mkonga: 7.50 ya tyubu au 235/85 ya tyublesi (isiyo na tyubu)

Hii naizungumzia peke yake kwa sababu makampuni ya safari pale Arusha bado yamegawanyika.

7.50R16 kwenye ile rimu ya ringi, uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine. Fundi wa pancha popote pale anatoa upepo wote, anaikanyaga tairi mpaka iachie, anachokonoa ringi ya pembeni kwa chuma inaruka, tairi inavuka yenyewe, anachomoa tyubu, anaijaza kidogo anaizungusha kwenye beseni la maji anatafuta mapovu, anakwangua, gundi, kiraka, umeondoka. Ila kwenye kurudisha kuwa makini sana: ringi ikiwa haijakaa vizuri wakati wa kujaza upepo inaweza kufyatuka na inaua mtu kweli. Tairi ilazwe ringi ikiangalia chini au ifungwe mnyororo, na watoto wasogee mbali.

Ubaya wake, mwiba mdogo tu tyubu imekwisha kazi na lazima ufungue, na huwezi kushusha upepo sana maana tairi ikiteleza kwenye rimu inaivuta tyubu na nozo inang'oka. Tyublesi msumari ukiingia unaweza hata usijue mpaka jioni, unauziba kwa nje kwa ile kamba ya mpira bila kuvua tairi, na kwenye mchanga unashuka mpaka 15 bila wasiwasi mkubwa. Tatizo lake ni ikitoka kwenye rimu, bila kompresa yenye nguvu hairudi.

Kwa hiyo kampuni ambayo gari linalala kambini mwezi mzima na dereva anajua kufungua mwenyewe, 7.50 bado ina akili. Mtu binafsi mwenye kompresa nzuri na kamba za kuzibia, achukue rimu za chuma za tyublesi na 235/85R16. Mi kati ya hizo mbili naegemea 235/85.

Uzito na upepo

Saizi ikishakubalika angalia namba ya mzigo pembeni, 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Kwa gari la kubeba watu na mahema usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi ya plai 10 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi) ubavu wake ni mgumu kukatika ila ni nzito na kavu kwenye lami, kwa Mkonga iliyojaa ni lazima, kwa Prado ya familia plai 8 inatosha. Na angalia zile tarakimu 4 za tarehe, 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mtumba wenye meno mazuri lakini mpira una miaka 8 ubavu wake utakuja kupasuka na jua.

Upepo mi natumia hivi kama pa kuanzia: lami 32 hadi 35, rafu rodi 26 hadi 28, mchanga 16, tope 18 hadi 20, na Mkonga yenye mzigo ongeza. Ukibadilisha saizi ile namba ya kibandiko haikusaidii moja kwa moja, kwa hiyo chora mstari wa chaki kukatisha meno yote, tembea mita kadhaa kwenye lami iliyonyooka, shuka uangalie. Chaki imefutika katikati tu, upepo umezidi. Imefutika pembeni tu, umepungua. Alafu baada ya saa moja ya safari pima tena, tairi ikiwa ya moto imepanda zaidi ya psi 4 hivi ujue ulianza na upepo mdogo. Ukishashusha kwa ajili ya mchanga usikimbie, na ukifika lami jaza, tairi laini kwenye spidi inachemka mpaka inapasuka.

Kwa kifupi cha magari: Prado 120, 150 na Hilux ya 17, weka 265/70R17. Yenye rimu 18, kama huna hela ya kuongeza rimu nyingine, bora uuze zile 18 utafute 17, wateja wapo. Prado ya zamani ya 265/70R16 nenda 265/75R16. Jimny iliyotoka na 195/80R15, 215/75R15 inaitosha, zaidi ya hapo injini inalia.

Zote tano ziwe saizi moja, na spea ukiiweka kipara cha saizi ya zamani unajidanganya. Prado na V8 zinavuta magurudumu yote muda wote, tairi moja ikiwa fupi difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika inapata moto. Hilux na Mkonga ukiingiza 4H (kuvuta magurudumu manne) na tairi zisizolingana, gia boksi ya chini inajikaza mpaka lever haitoki. Kabla hujaondoka dukani hakikisha spea inaingia mahali pake chini ya gari au mlangoni, na ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 simama ukaze nati zote upya kwa mkono, rimu za aluminiamu ndo zinalegea zaidi.